Mjomba, Cheche na Begi la Shangazi Kaja

Yote yaliletwa na simu yangu.

Ilikuwa Julai, mjomba amekuja kutoka Tabora kututembelea hapa Makambako, na jioni tumelizunguka jiko la mkaa kama kuku walionyeshewa. Nikamwonyesha video ya Uingereza: garimoshi la zamani linafuka, mabehewa yamejaa watu na vikapu vya chakula, wanakwenda kusikiliza muziki wa uwanjani. Nilijua atafurahi. Ujana wake wote mjomba alikuwa fayamani wa injini za mvuke, yule anayetunza moto ili dereva asipungukiwe nguvu mlimani.

"Hawa wamefukuzwa wapi?" akauliza.

"Hawajafukuzwa, mjomba. Wanakwenda kwenye muziki."

"Kwa injini ya moshi? Mabasi yamegoma?"

Nikamweleza kwamba Waingereza waliachana na mvuke kwenye reli yao ya taifa mwaka 1968, lakini wapenzi wa mambo hayo wakazichukua injini na vipande vya reli wakawa wanavitunza wenyewe. Kuna kireli kule Wales kinaitwa Talyllyn, watu wanajitolea kukiendesha tangu 1951.

"Wanajitolea. Yaani anayesugua boila halipwi?"

"Halipwi."

"Na abiria analipa ili apakwe masizi?"

"Analipa, tena anakata tiketi mapema."

Mjomba akanyamaza mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Sisi tulikuwa tunadai sabuni."

Sasa Jumamosi ile kulikuwa na muziki wa dansi uwanja wa wazi, upande wa Uyole, Mbeya. Nilipanga twende na basi, mwendo wa saa tatu hivi uko pale. Mjomba akaniangalia kama nimemtukana mama yake, ambaye ni bibi yangu. Mtu wa reli apande basi kwenda muzikini, na treni ipo? Nikasema haya, na hapo ndipo nilipokosea, kwa neno moja tu: "Basi Jumamosi tutapanda garimoshi."

"Umesema garimoshi?"

"Ndiyo."

"Basi nguo nzuri tunaweka kwenye begi."

Nilijaribu kumweleza. Reli yetu hii, TAZARA, imejengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, na tangu siku ya kwanza imetumia dizeli. Moshi umebaki kwenye jina tu. Mjomba akasema dizeli anaijua, hakuzaliwa jana, lakini je, nimewahi kuona lori bovu likipanda mlima? Chombo chochote kinachopanda mlima kinatema kitu. Halafu akanisimulia, kwa mara ya mia, siku aliyoazima shati la rafiki yake la harusi, akapanda behewa la mbele, na kabla hawajafika cheche ikatua begani ikatoboa mpaka fulana. Urafiki nao ukatoboka hapo hapo.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi tulikwenda stesheni ya Makambako tumevaa hivi: yeye ovaroli lake la kazi, lililofuliwa mpaka likasahau rangi yake, mimi suruali ya kulimia na shati la kampeni za uchaguzi ambalo mgombea wake alishindwa. Suti zetu mbili, mashati na makoti mazito ya usiku viko kwenye begi la shangazi kaja, lile la miraba ya bluu na nyekundu. Unalijua. Tanzania nzima inahama na begi hilo hilo.

Kwenye behewa la daraja la tatu nililiweka begi juu ya vichwa vyetu. Mjomba akalishusha. Hapo ni karibu na dirisha, cheche ikiingia inalikuta. Akalibeba mpaka mwisho kabisa wa behewa, akalisukuma chini ya kiti cha pembeni, kwenye lundo la mizigo ya watu, akarudi anajipangusa mikono kama aliyeweka hela benki.

Mwanzoni safari ilikuwa tamu. Treni inateremka taratibu kuelekea tambarare ya Usangu, baridi ya Makambako inabaki nyuma, mtu unavua kofia, kisha unafungua kifungo. Mjomba akawa anahadithia behewa zima. Kwamba injini zao hazikula makaa ya mawe kama watu wanavyodhani, zilikula mafuta mazito meusi. Kwamba nyingine zilipewa majina ya makabila, na mojawapo, Nyaturu, leo imewekwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi. "Imestaafu vizuri kuliko mimi," akasema, na watu wakacheka, na kicheko kile kikampa kichwa.

Tulipopita Chimala treni ikaanza kupanda tena. Mjomba akasikiliza mngurumo, akasimama katikati ya njia.

"Fungeni madirisha! Anapanda! Sasa hivi fayamani anatupa mchanga!"

Ngoja nieleze, maana hili ni kweli. Injini ya mafuta ilikuwa inajaza masizi kwenye mabomba ya boila, na mabomba yakiziba, moto unawaka lakini maji hayachemki inavyotakiwa. Dawa yake ilikuwa mchanga. Fayamani anachota mchanga mkavu kwa kopo, anaumwaga kwenye kidirisha cha tanuru wakati injini inavuta kwa nguvu, ule mchanga unanyonywa na kupita kwenye mabomba ukiyasugua, na masizi yote yanatoka kwenye bomba la moshi kama wingu la mvua ya masika. Aliyeanika nguo karibu na reli siku hiyo anafua upya.

Lakini hayo ni ya mvuke. Injini za dizeli nazo zina mchanga, ila unamwagwa kwenye reli ili magurudumu yasiteleze, hauendi popote karibu na shati la mtu.

Abiria hawakujua hayo. Walichoona ni mzee wa ovaroli la reli anatoa amri. Madirisha yakafungwa, pa, pa, pa, behewa zima. Jua la mchana liko nje, ndani tuko watu, matenga, kuku wawili na mama mmoja mwenye ndoo ya samaki wabichi. Dakika kumi za kwanza watu walivumilia. Ya kumi na tano yule wa samaki akauliza, kwa heshima, "Baba, huo mchanga unakuja lini?" Mjomba akajibu bila kugeuka, "Bado anachota." Tulipika mle ndani mpaka kijana mmoja alipofungua dirisha lake na kusema yeye afadhali apakwe masizi kuliko kufa msafi.

Tukafika Mbeya salama. Stesheni ina shughuli, watu wanashuka, wanaoendelea Tunduma wanawahi viti vyetu, mimi nikakimbia mwisho wa behewa, nikaliona begi la miraba, nikalivuta, nikashuka. Treni ikapiga honi, ikaenda zake. Mjomba akaipungia mkono.

Tukatafuta choo tubadilishe nguo. Nikafungua zipu.

Masweta. Masweta ya shule, bluu iliyokolea, ya kufumwa kwa mashine, yamefungwa kumi kumi kwa kamba ya katani, na kila fungu lina kikaratasi: la pili, la pili, la pili, la pili. Arobaini, yote ya mtoto wa darasa la pili.

Mjomba akachungulia. "Suti yangu imekwenda wapi?"

"Zambia, mjomba."

Tulibahatika kwamba mwenye begi ni mfanyabiashara aliyejipanga: alikuwa ameandika namba ya simu kwenye mkanda. Nikapiga. "Kamwene!" akaitikia kwa furaha, mama wa Makambako hapo hapo. Nikamwamkia, nikamweleza. Nikasikia zipu ikifunguliwa upande wa pili, halafu kimya, halafu: "Nimetoka nyumbani niuze masweta mpakani, sasa nafika Tunduma na suti mbili za kiume, moja inanuka naftalini? Nimwuzie nani, maiti?" Tukakubaliana akirudi Makambako tubadilishane. Akaonya mara tatu masweta yake yasiguswe. Nikaapa mara tatu.

Kiapo kilidumu mpaka saa mbili usiku.

Wazungu wanafanya muziki wa nje Julai kwa sababu kwao ni majira ya joto, jua lenyewe linachelewa kuzama. Julai ya Uyole ni kitu kingine. Upepo unateremka kutoka milima ya Uporoto, unakuingia mgongoni, unakuuliza jina la ukoo. Watu wamevaa makoti, wamejifunga mablanketi, wamekumbatia mahindi ya kuchoma bila kuyala. Sisi tuko na ovaroli na mgombea aliyeshindwa. Mjomba alitetemeka mpaka nikadhani anacheza, na bendi ilikuwa bado inajaribu vipaza sauti.

"Fungua begi," akasema.

"Mjomba, nimeapa."

"Uliapa wewe."

Sweta la kwanza lilimkwama masikioni. Nikavuta kwa juu, haliendi. Nikavuta kwa chini, pua ikatokeza, akapiga chafya ndani ya sufu. Tulipomaliza, mikono ilikuwa imeishia kwenye viwiko na upindo wake uko mbavuni, tumbo na ovaroli viko nje kama kawaida. Mimi nikavaa la kwangu, nikawa siwezi kushusha mabega. Dereva bodaboda mmoja akapita, akarudi, akamwangalia mjomba vizuri.

"Shikamoo mzee. Matokeo yametoka? Umepanda la tatu?"

"Marahaba. Nimerudia darasa," mjomba akajibu.

Hilo tungelimaliza hivyo. Lakini kulikuwa na mama na mtoto wake mdogo analia baridi, akauliza kama tunauza. Nikafungua mdomo kusema hapana. Mjomba akasema, "Elfu tano." Mtoto akavikwa, akanyamaza. Mama mwingine akaona. Bendi ilipoanza dansi lenyewe, lile la magitaa yanayojibizana, mimi nilisikia nusu nusu tu, maana nilikuwa nimeshika tochi ya simu huku mjomba anapima watoto migongo kwa kiganja. Tuliuza tisa. Bei aliitoa kichwani mwake, na kichwa cha mjomba kuhusu bei kilisimama pale alipoacha kupokea mshahara.

Jumapili tulirudi kwa basi. Mjomba hakusema neno njia nzima, ila kila tukipita karibu na reli aligeukia upande wa pili.

Mama wa masweta alirejea Jumatano. Akayahesabu mlangoni kwetu, moja moja, anapanga juu ya mkeka. Yakatimia ishirini na tisa. Akatazama kifua cha mjomba, ambaye kwa kweli alikuwa amelizoea lile sweta.

"Bei yangu ni elfu kumi na mbili," akasema.

Kumi na moja mara elfu kumi na mbili ni laki moja na thelathini na mbili. Mfukoni tulikuwa na arobaini na tano ya mauzo. Themanini na saba nikaongeza mimi, maana wazo la kwenda muzikini, mjomba alikumbusha, lilitoka kwenye simu yangu.

Ndipo akaturudishia begi letu. Akaomba radhi kidogo: kule Tunduma alikuwa ameliacha wazi kibandani kwa mdogo wake anayekaanga chipsi, pembeni ya jiko, si unajua mkaa wenye unyevu unavyoruka. Mjomba akaitoa suti yake, akaikung'uta, akaiinua kwenye mwanga. Kwenye kola ya koti, upande wa kushoto, kulikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya maharage, kingo zake nyeusi.

Hakukasirika. Alipitisha kidole kidogo kwenye lile tundu, akakichezesha upande wa pili, akaniangalia na uso unaong'aa kama injini iliyotoka kusuguliwa.

"Nilikuambia nini kuhusu cheche?"