Kodi ya meza na droo ya genge

Siku mke anapofungua genge, kibanda chake cha kuuza vyakula, kodi ya meza, yaani hela ya matumizi anayoacha baba, huanza kupungua. Baba aliyekuwa akiacha elfu kumi anaacha tano, baadaye anauliza, "Si una biashara?" Mwaka haujaisha, unga, dawa na michango ya shule vyote vinatoka kwenye droo ya genge. Nimeliona hili uswahilini Dar es Salaam, nyumba baada ya nyumba, ndiyo maana nikisikia "mpe mwanamke mtaji ajikomboe" nauliza kwanza: faida italala wapi?

Wanaoitetea biashara wana hoja nzito. Tazama kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Wanawake wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana hadi mara tatu ya hisa zao, na mwisho wa mzunguko wanavunja na kugawana. Benki ingemdai mama lishe hati ya nyumba isiyo na jina lake. Kikoba kinamdai wadhamini wanaoijua tabia yake. Lakini kwangu mimi kubwa zaidi ni yule aliyezoea kunyamaza ukweni, ambaye sasa ni mweka hazina, anasoma hesabu mbele ya watu na kumtoza faini mchelewaji. Akifiwa, mfuko wa jamii wa kikoba unamfikia. Heshima hiyo hakupewa na mumewe, na mumewe hawezi kuondoka nayo.

Upande wa pili nao si wa kubeza. Mama lishe anaamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko, anarudi jioni anakuta vyombo vinamsubiri. Kazi za nyumbani hazikupungua hata moja. Na matumizi ya nyumba yakiula mtaji, anakimbilia kausha damu, mikopo ya rejesho la kila siku. Akikwama wanabeba friji na makochi majirani wakitazama. Mikopo isiyo na riba ipo: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Ila hiyo ni ya vikundi, na mwenye mtoto mgonjwa leo hawezi kusubiri kamati zikae.

Wapo wanaosema biashara inavunja ndoa. Hao siwafuati. Wanachokiita jeuri mara nyingi ni mwanamke kuwa na nauli ya kuondoka anapopigwa.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mume amtunze mkewe, na hapohapo inampa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Hakuna mahali inaposema genge likichanganya, wajibu wa baba umekwisha. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Je, anayepika, akalea, kisha akalipa na ada? Bado viwanja vya hela ya vitumbua vinaandikwa jina la baba, eti kwa heshima.

Ninaowaona wakisimama imara ni wale wanaotenga mauzo na matumizi, wakaandika daftarini kila shilingi iliyotoka gengeni kwenda jikoni. Daftari kama hilo niliwahi kuliona likifunguliwa kwenye kikao cha wazee wa ukoo. Mzee aliyekuwa ameling'ang'ania neno "mke hana alichochangia" alivaa miwani, akasoma kurasa tatu, akamgeukia mwanawe.