Ceres wa Chicago na nguzo ya Loos: miungu ya Kigiriki inafanya nini ghorofani?

Wanaopinga maghorofa yenye miungu ya Kigiriki hoja yao ni ileile, nguo ya kuazima haisitiri matako. Wanaotetea nao wanasema bila hivyo mtabaki na maboksi ya vioo. Mi naona inategemea huyo mungu kapewa kazi gani pale.

Cheki Chicago Board of Trade, soko la nafaka la Chicago, Marekani, jengo la 1930, mita kama 184, juu kabisa kuna sanamu ya Ceres, mungu wa Kirumi, yule ambaye Wagiriki walimwita Demeter, mama wa nafaka, mkononi ana mganda wa ngano, na chini yake ndo watu walikuwa wanapigiana kelele kutwa nzima wakinunua na kuuza ngano na mahindi. Hapo huwezi kusema pambo la kubandika, hata asiyejua hadithi anaelewa.

Sasa chukua Adolf Loos, msanifu majengo Mwaustria, na alikuwa adui mkubwa wa mapambo huyo, mwaka 1922 gazeti la Chicago Tribune likatangaza mashindano ya kuchora makao yake, yeye akapeleka nguzo moja ya Doriki, ule mtindo wa mahekalu ya Kigiriki, nguzo nzima ndo ghorofa, na madirisha yametobolewa kwenye mifereji yake! Nguzo kwa Wagiriki ilibeba paa la hekalu, hii inabeba nini? Kiingereza nguzo na safu ya gazeti ni neno moja so kuna waliodhani anatania, kwetu hata huo utani haupo. Ila nikubali tu, michoro ilikuwa zaidi ya 260 na hiyo haikushinda wala kujengwa, na bado ndo inayobishaniwa mpaka leo.

Na hoja yangu ina tobo pia. Kazi huwa inahama. 2015 sehemu kubwa ya zile kelele ilifungwa, biashara ikaingia kwenye kompyuta, Ceres kabaki na ngano yake. Alafu mchongaji, John Storrs, hakumwekea uso kabisa, aliona nani atafika huko juu amtazame, na kweli lile jengo lilikuwa refu kuliko yote mjini mpaka 1965. Yakaja marefu zaidi. Sa hivi mtu yuko ofisini jengo la jirani, kashika kahawa yake, akigeuka dirishani anakutana na mama wa alumini mwenye kichwa laini kama yai.