Mfuko wa Mbolea na Shamba la Robo Ekari

Mkulima wa eneo la Bahati, pembeni mwa jiji la Nakuru nchini Kenya, mwenye robo ekari ya mahindi hahitaji hata nusu ya mfuko wa mbolea ya kupandia. Kilo 12 hivi zinamtosha. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 madukani. Serikali ikaushusha hadi 3,500, na mwaka uliofuata 2,500. Kwa robo yake, ruzuku yote hiyo inamwachia mfukoni kama shilingi 900 kwa msimu, kabla hajatoa nauli ya kwenda kuichukua mbolea hiyo kwenye bohari ya Bodi ya Nafaka na Mazao.

Sisemi ruzuku ni mbaya. Mwenye ekari tano kule Njoro alipumua kweli, na mpango wa kusajili wakulima kwa chifu na kuwatumia ujumbe kwa simu umewapunguzia madalali nafasi. Hata kashfa ya mbolea feki ya 2024, iliyoumiza watu, haikufuta nafuu hiyo. Lakini msaada unaopimwa kwa mfuko humfuata mwenye ardhi kubwa, na mkulima wa pembeni mwa jiji anabaki na makombo.

Yeye adui yake si bei ya mbolea. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, na Kiamunyi, Lanet na viunga vingine mashamba yanazidi kukatwa ploti za futi hamsini kwa mia. Robo ekari inatoa ploti mbili. Broka akifika langoni na pesa taslimu wakati mtoto ana deni la karo, hizo 900 zitamzuia nani kuuza?

Wapo wanaosema: basi mwacheni auze. Nyumba zitajengwa tu, na pesa za umma zipelekwe Trans Nzoia na Uasin Gishu, kwenye mahindi ya nchi. Hoja hii ina uzito, na kwa upande wa mahindi naikubali kabisa. Kulima mahindi kwenye robo ekari iliyo karibu na lami ni kupoteza ardhi.

Ila jiji halili ugali mkavu. Sukuma wiki, spinachi, dhania na maziwa ya asubuhi huharibika upesi, na mama anayevuna Bahati alfajiri hufikisha mboga sokoni zingali na umande. Huyo ndiye ningependa kaunti imkumbuke, tena kwa vitu vingine: tangi na mipira ya kumwagilia, afisa wa nyanjani anayefika shambani (kazi hiyo iko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013), na nafuu ya kodi ya ardhi kwa anayeendelea kulima ndani ya mipaka ya jiji. Atakayeuza na auze, ni mali yake. Lakini robo ekari yenye maji hukatwa sukuma kila wiki hata Januari na Februari, kiangazi kikiwa kikali na bei ikiwa juu, ilhali ya mahindi wakati huo ni mabua matupu yanayongoja mvua.