Mifano mitano inatosha? Somo la namba 4,294,967,297

Chukua bao la kete, lile lenye mashimo 32. Tia kete moja shimo la kwanza, mbili la pili, nne la tatu, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Mpaka shimo la mwisho, jumla ni kete 4,294,967,295. Ongeza mbili tu, umeifikia namba iliyomkosesha Fermat.

Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliutazama mfuatano huu: 3, 5, 17, 257, 65,537. Unaanza na 2. Ukiongeza 1 unapata 3. Kisha 2 × 2, 4 × 4, 16 × 16, 256 × 256, na kila jibu unaliongeza 1. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Akaamini kuwa zinazofuata nazo ni tasa, na ya sita ndiyo hii yetu. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati Mswisi, akaonesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

Barazani kwetu Mji Mkongwe walimu wawili wa tuisheni wamebishana juu ya kisa hiki. Mmoja anasema mtoto apewe mifano, auone mpangilio mwenyewe. Uthibitisho mapema unamkimbiza. Mwengine anajibu kwamba ikiwa mifano mitano ilimponza Fermat, itamfanya nini mtoto wa kidato cha pili?

Wa kwanza simpuuzi. Bila ya dhana ya Fermat, Euler asingekuwa na cha kuchunguza. Na ile 17 ilizaa matunda: mwaka 1796 Gauss, mwanahisabati Mjerumani, aligundua kuwa umbo la pande 17 zilizo sawa na pembe sawa linachoreka kwa rula na bikari.

Lakini nadhani wote wawili wanauona uthibitisho kama askari wa kukamata makosa tu. Nilikaa na penseli nikaona vyengine. Ukiitafuta 641 kwa kupapasa, kuanzia 2, 3, 5, utakutana na namba tasa 115 kabla yake, na namba unayoigawa ina tarakimu kumi. Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Mpaka 641, tasa za namna hiyo ni tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641 yenyewe. Nilizigawa moja moja. Mabaki yalikuwa 109, kisha 2, 325, 288, halafu sifuri. Nusu ya ukurasa wa daftari!

Ile baki ya 2 kwenye 257 ilinirudisha kwenye bao. Zidisha zile tasa tano za Fermat, 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537: unapata 4,294,967,295, kete zote za bao, bila ya pungufu. Kwa hiyo kila moja kati ya hizo tano itabakiza 2 kwenye namba yetu. Mtoto atauona uzuri huo kwa mifano, lakini atajua kwa nini uko hivyo kwa uthibitisho tu. Ndiyo maana naegemea kwa mwalimu wa pili, japo ningeanza darasa kama wa kwanza.

Baada ya 65,537, kila namba ya mfuatano huu ambayo jibu lake limepatikana imeonekana si tasa. Wengi sasa wanaamini hakuna tasa nyengine humo. Hajatokea aliyethibitisha.