Usimwambie mfiwa kwamba imani yake ilikuwa haba

Mkesha wa Ijumaa ukikaribia alfajiri hapa Mwanza, ushuhuda hutoka kwa aliyepona, aliyepata kazi, aliyepata mchumba. Anayeomba mwaka wa tatu bila kupata hapewi kipaza sauti. Yeye huitwa pembeni: ongeza imani, funga tena, toa sadaka, tubu dhambi iliyojificha. Ushauri huo, ukitolewa kabla ya kumsikiliza mtu, ni kumkanyaga aliyekwisha kuanguka.

Andiko linalotumiwa sana ni Yakobo 4:3, kwamba mtu hapati kwa sababu anaomba vibaya. Lisome kuanzia mstari wa kwanza: Yakobo anawakemea watu wanaopigana kwa tamaa zao. Hamsemi mama aliyelala sakafuni hospitali ya Bugando akimuuguza mwanawe. Ni kweli Biblia inataja vizuizi. Zaburi 66:18 inataja uovu unaotunzwa moyoni, na 1 Petro 3:7 inamwonya mume asiyemheshimu mkewe kwamba maombi yake yatazuiliwa (mahubiri mangapi ya mkesha hugusa hilo?). Basi jichunguze, tubu, yaishe. Usiamke kila siku kufukua kosa jipya la kueleza ukimya wa Mungu.

Yesu aliomba Gethsemane mara tatu kwa maneno yale yale, na kikombe cha mateso hakikuondolewa. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake utoke. Akapewa neema, mwiba ukabaki. Anayedai kwamba ombi lisilotimia ni dalili ya imani haba, aanze kutufafanulia hayo mawili.

Yapo pia maombi yanayogongana. Mwanamke wa Kayenze ameanika dagaa mchangani anaomba jua, kwa sababu mvua ikiwanyea wataoza au watauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Siku hiyohiyo mkulima wa mpunga kule Magu anatazama majaruba yaliyokauka, anaomba mvua. Wote wawili ni wacha Mungu, na wingu ni moja.

Lakini maelezo hayo yana kikomo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Siku mbili baadaye mtu mmoja alitolewa akiwa hai, nasi tulimshukuru Mungu kwa haki kabisa. Tukiongeza kwamba alipona kwa sababu aliombewa, tunawaambia nini waliowaombea wengine ufukweni? Hapo sababu hatunayo. Mchungaji anayeitunga anamsingizia Mungu.

Tulichoachiwa ni maombolezo, nasi tumeyasahau. Zaburi 13 ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne, miwili inayofuata inaomba, na tumaini linakuja mwishoni. Fuata mpangilio huo. Andika ombi lako daftarini kwa sentensi moja, pamoja na tarehe, na utenganishe kitu unachohitaji na njia uliyoichagua: "mtoto apate ada" ni ombi, "mjomba atume ada" ni njia. Wengi hukata tamaa kwa sababu njia imefungwa, ilhali ombi lenyewe bado liko wazi. Kisha lalamika mbele za Mungu bila kupamba maneno. Tumaini lisipokuja siku hiyo, usiliigize. Zaburi 88 inaishia gizani, na bado ni maandiko matakatifu. Ukichoka kabisa, waombe watu wawili wakuombee mwezi mzima, nawe upumzike.

Na dawa usiache. Anayesitisha ARV au insulini ili kuthibitisha imani anahatarisha uhai wake, na kiongozi aliyemshauri hivyo anabeba lawama.

Msibani, "kazi ya Mungu haina makosa" inaweza kusubiri. Siku za kwanza sema pole, kaa mkekani, chota maji, osha masufuria. Ukiombwa kuomba, omba kwa ufupi, na umtaje marehemu kwa jina lake.