Namungo na kilio cha namba tisa

Kila ligi ikielekea ukingoni, vijiwe vya Ruangwa, Nachingwea na Lindi mjini hurudia wimbo uleule: Namungo, klabu yetu ya Ligi Kuu, ilete mfungaji, namba tisa wa kweli. Wanalinda, wanapambana, lakini wakiingia kwenye boksi wanakuwa wageni. Basi uongozi uvunje kibubu, aje mtu wa kucheka na nyavu msimu ujao, mengine yatajipa.

Wanaosema hivyo wana kumbukumbu ya kushika. Msimu wa 2019/20, wa kwanza kwao Ligi Kuu, Wauaji wa Kusini walimaliza nafasi ya 4 na kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani kule Sumbawanga, Simba wakaponea 2-1. Mbele walikuwepo Reliants Lusajo na Mrundi Bigirimana Blaise. Tangu hapo, kwa misimu kadhaa, nafasi ile ya 4 ikawa ya wengine: Biashara United, Geita Gold, Singida, Coastal Union. Shabiki akiuliza wafungaji wako wapi, hajakosea.

Ila kuna hesabu moja ambayo kila nikiirudia inanikataza kukubaliana naye. Februari 2021, kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, Namungo iliifunga Primeiro de Agosto ya Angola 6-2 Dar es Salaam. Mabao sita, mechi moja, dhidi ya timu iliyozoea soka la Afrika kuliko wao. Marudiano wakafungwa 3-1, wakavuka kwa jumla ya 7-5. Muda mfupi baadaye wakaingia kundi moja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Wakacheza mechi sita. Mabao? Sifuri. Pointi? Sifuri.

Utasema Raja na Pyramids ni wakubwa mno. Sawa. Lakini Nkana nao? Wazambia wale hawakuwa wa kutisha kiasi hicho, na nyumbani na ugenini Namungo haikuwafunga hata bao la kufutia machozi. Watu waliofunga sita hawakusahau kupiga mpira ndani ya wiki chache. Kilichopungua ni mpira wenyewe kuwafikia, na kuwafikia pale pa hatari.

Mtazame namba tisa wa timu inayohangaika kama hii. Anapokea mpira karibu na duara la kati, mgongo kwa goli, beki kamganda. Winga wa kulia yuko chini anamsaidia fulubeki. Kiungo mshambuliaji ndiyo kwanza anapanda. Anageuka, hana wa kumpasia, anaanguka akitafuta faulo. Jukwaani tunamzomea yeye! Ukimleta mwingine kwa bei mara tatu, ukamwacha palepale, umenunua mashine ya kubangua ukaiweka kwenye ghala lisilo na korosho.

Kweli, wapo washambuliaji wanaojitafutia, nusu nafasi inawatosha. Ila mtu wa namna hiyo akifunga mabao kumi Ruangwa, dirisha likifunguliwa vigogo wa Dar wanabisha hodi, na klabu ya mkoani haina ubavu wa kumzuia. Unaanza upya. Winga wa kupiga krosi ya maana, fulubeki wa kushoto anayepanda bila kuogopa, kiungo wa kutoa pasi ya mwisho: hawa bei yao ni nafuu, na vigogo hawawagombanii sana.

Kuna hofu nyingine, nayo ni ya haki: timu ikipanda mbele itaacha mlango wazi nyuma. Biashara walishuka msimu mmoja tu baada ya kushika nafasi ya 4, Geita nao baada ya miwili. Jirani zetu Ndanda wa Mtwara walidumu misimu sita kabla ya kuteremka 2020. Kubaki Ligi Kuu si jambo dogo kwa Kusini, na kocha anayetaka sare ya ugenini baada ya safari ya basi ya kutwa nzima simlaumu. Nyumbani, pale uwanja wa Majaliwa, sioni kisingizio. Mgeni kachoka na barabara, uwanja ni wetu, na bado winga anarudi kukaba dakika ya kumi.

Kwa hiyo dirisha likifunguliwa, nitakachokitazama kwanza ni nani kasajiliwa pembeni, na kama kocha ataachwa amalize maandalizi ya msimu mzima bila kubadilishwa njiani. Jina la mshambuliaji nitalisoma baadaye.