Bluu Imeshinda, Kitambaa Kesho

Kwetu Mtwara harusi husubiri pesa ya korosho. Ndiyo maana harusi ya binti wa mama mkubwa ilipangwa Novemba 2015, watu wakishalipwa, na ndiyo maana kamati ya sare ikajikuta inakutana Jumamosi ya tarehe 24 Oktoba, kesho yake nchi nzima inakwenda kupiga kura.

Ugomvi ulikuwa rangi. Upande wa bibi harusi wanataka kijani, upande wa bwana harusi wanataka bluu, na kuna shangazi wa Tandahimba ambaye hajawahi kukubaliana na mtu, yeye akashika zambarau. Siku za kawaida jambo kama hili kwetu huamuliwa kwa kununiana. Lakini kampeni zilikuwa zimetuharibu, kila mtu anataka haki yake. Mama mkubwa akasema, basi tupige kura, tena ya siri, na mawakala wawepo.

Katibu ni mie, kwa sababu nafanya kazi kwenye duka la steshenari pale Chikongola na mwandiko wangu unasomeka. Sanduku likawa sufuria ya wali na mfuniko wake. Wakala wa bibi harusi na wakala wa bwana harusi wakakaa huku na huku, wanamenya ming'oko na kuangaliana vibaya. Nikahesabu mbele yao, nikachana karatasi ya kaunta buku, nikaandika kwa kalamu nyekundu: KIJANI 17. BLUU 24. ZAMBARAU 6. ZILIZOHARIBIKA 3. Moja ya zilizoharibika ilikuwa imeandikwa, "Yoyote, ila fundi asiwe yule wa mwaka jana." Mawakala wakasaini. Mweka hazina akaweka kikombe cha chai juu ya karatasi isipeperuke, kikaacha duara zuri kwenye kona. Lile duara lishikeni.

Bando sikuwa nalo mpaka Jumapili. Nikapiga kura yangu, vituo vikafungwa saa 10 jioni, nikajiunga, nikairusha picha ya ile karatasi kwenye grupu la WhatsApp la harusi kwa faida ya ambao hawakufika kwenye kikao. Maelezo ya nini? Wote humo ni watu wa harusi.

Sasa, humo yumo na mjomba wa Mikindani. Mjomba ni mtu mwema, lakini ujumbe haulali kwake. Akitumiwa kwamba maji ya madafu yanatibu bawasiri, kabla hajamaliza kusoma keshawatumia watu thelathini, na chini yake: "Nimeletewa kama ilivyo." Ile picha aliipokea akiwa kibarazani na wenzake, redio inasubiri Tume ya Uchaguzi, na siku hizo rangi ni chama: kijani CCM, bluu Chadema, zambarau ACT. Baadaye alijitetea kwamba hakuongeza hata neno moja la uongo. Kweli. Aliandika tu, "Mtwara hiyo!!!"

Magharibi haijaingia, karatasi yangu imefika Masasi. Isha, iko Dar es Salaam, na njiani imenenepa: kijani 170, bluu 240, zambarau 60. Kuna aliyeizungushia mshale mwekundu kwenye kona: "Angalieni muhuri." Mwingine, msomi huyo, akaeleza kwamba wakala aliyesaini kwa mkono unaotetemeka alikuwa amelazimishwa. Wakala yule alikuwa na mafuta ya sambusa vidoleni.

Jambo lingeweza kufia hapo. Lakini dada mmoja wa Temeke, ambaye yumo kwenye grupu letu na hasomi kitu cha nyuma, akauliza: "Jamani Mtwara, ni kweli bluu inaongoza?" Mweka hazina, mama wa watu asiyejua lolote linaloendelea duniani, akamjibu: "Ndiyo mwanangu, bluu imeshinda. Kitambaa tunanunua kesho."

Picha ya jibu hilo nayo ikaondoka. Nilipoikuta tena ilikuwa na kichwa kipya: CHANZO CHA NDANI CHATHIBITISHA. Hapo nikaanza kuumwa tumbo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuwa imeanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka uleule, na dukani kwetu nilikuwa nimewatolea watu kopi zake mwenyewe: taarifa za uongo, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Na chini ya ile karatasi, kwa mwandiko unaosomeka vizuri sana: "Katibu", na sahihi yangu.

Saa 3 usiku mlango ukagongwa. Balozi wetu wa nyumba kumi, kanga ya kijani, tochi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo karatasi iko wapi?"

Nikamletea. Akaimulika, akaisoma mstari kwa mstari, akageuza nyuma. Nikamweleza yote: sare, sufuria, kikombe cha chai. Nikakileta na kikombe chenyewe, nikakiweka juu ya duara, kikakaa sawasawa.

Akazima tochi. "Kwa hiyo hii ni kura ya sare ya harusi."

"Ndiyo mama."

"Nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mie sikuitwa?"

Hapo ndipo palipokuwa na kesi. Alidai uchaguzi urudiwe, na mama mkubwa alivyo mwoga wa balozi akakubali kabla hajavaa ndala. Shida ikawa rangi zenyewe. Tume ilimtangaza mshindi wa urais Alhamisi ya tarehe 29, na kufikia siku hiyo baba wa bwana harusi havai kijani hata kwa dawa, shangazi zetu hawagusi bluu, na wa Tandahimba kaikana zambarau yake kwa kuwa watu wameanza kumwita mgombea. Tukaangukia damu ya mzee.

Nikatangaza kwenye grupu, safari hii kwa maandishi matupu, hakuna picha. Mjomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu, kwa sauti: "Katibu, hiki chama cha damu ya mzee sijakisikia. Mgombea wao nani?"